Shajara ya mradi: kuchunguza mkunjo wa RNA ya 5S kwa vimeng'enya, Unguja

Januari, mwanzo wa kazi

Mradi huu una swali moja, nalo linahusu sehemu ndogo ya molekuli ndogo. Ribosomu, yaani mtambo wa seli wa kutengenezea protini, ya bakteria Escherichia coli ina RNA tatu: ya 23S yenye nyukleotidi 2904 (nyukleotidi ni kiungo cha mnyororo wa RNA, kila kimoja kikiwa na besi A, C, G au U), ya 16S yenye nyukleotidi 1542, na ya 5S yenye nyukleotidi 120 tu. Tumeichagua ya 5S kwa kuwa inaenea yote katika jeli moja, ambamo umeme hutenganisha vipande kwa urefu na kila urefu huonekana kama bendi, lakini iko sababu nyingine iliyotushawishi zaidi. RNA ya 5S ya bakteria huyu haina hata besi moja inayobadilishwa kikemia baada ya kunakiliwa kutoka kwenye DNA. Kwa hiyo ile tutakayoitengeneza wenyewe ndani ya tyubu inaweza kulinganishwa na ile ya ndani ya seli bila kuomba radhi, jambo ambalo tusingethubutu kulisema kuhusu 16S wala 23S.

Mfuatano wake ulitangazwa mwaka 1967 na Brownlee, Sanger na Barrell. Mwaka 1975 Fox na Woese, kwa kulinganisha mifuatano ya viumbe mbalimbali, walipendekeza jinsi inavyojikunja. Mchoro unaotumika leo una mashina matano, I hadi V, na vitanzi vitano, A hadi E. Shina I linaunganisha miisho miwili ya molekuli. Kitanzi A ni njia panda ya mikono mitatu. Mkono mmoja unaishia kwenye kitanzi C, na mwingine unapitia kitanzi E kabla ya kufika shina IV na kitanzi D. Swali letu liko hapo kwenye kitanzi E. Katika michoro mingi sehemu hiyo, yaani nyukleotidi za 72 hadi 78 upande mmoja na 98 hadi 104 upande wa pili, huachwa wazi kama tumbo la samaki, kwa sababu besi zake hazioani kwa kanuni ya A na U au G na C. Anayeutazama mchoro huo kwa mara ya kwanza hutarajia kwamba kimeng'enya kinachokata uzi usiooana kitaingia hapo bila kizuizi.

Jibu lake linajulikana. Mwaka 1997 Correll, pamoja na Moore, Steitz na wenzao, walionyesha kwa fuwele kwamba kitanzi E hakiko wazi hata kidogo: kimejaa jozi 7 za besi zisizo za kawaida, zilizopangana vizuri, huku ioni za magnesiamu zikiwa zimekaa katika mfereji wake. Hatutafuti kuyathibitisha ya wakubwa. Tunataka kujua kama hali hiyo inaweza kuonekana kwa vimeng'enya viwili, jeli na subira, ili mbinu hiyo tuiamini tutakapoitumia kwa RNA ambayo hakuna aliyewahi kuitengenezea fuwele.

Baadhi ya wenzetu walishauri tuanze moja kwa moja na RNA ya mwani unaolimwa Paje na Jambiani. Shauri hilo linavutia, na huenda siku moja tukalifuata, ila mwani wa aina ya spinosum umejaa karajini, ile ile inayoufanya uuzike, na karajini hushuka pamoja na RNA kila unapomimina ethanoli, ikaacha ute usiopitika kwenye pipeti. Hilo lingekuwa mradi wa kupambana na ute, si wa kuchunguza mkunjo.

Januari, mwishoni

Leo tumepitia vimeng'enya tulivyonavyo na vile tunavyovitamani. Ribonyukliesi T1, iliyotambuliwa mwaka 1957 na Sato na Egami, hutoka kwenye kuvu Aspergillus oryzae, ambao Wajapani huutumia kuchachushia soya. Hukata baada ya G, lakini G isiyooana. Ribonyukliesi A hutoka kwenye kongosho la ng'ombe na hukata baada ya C au U isiyooana, na hufanya hivyo kwa wepesi zaidi pale inapofuatiwa na A. Hivi viwili ndivyo vilivyotumika pia katika kusoma mfuatano wa RNA ya kubebea alanini ambao Holley na wenzake waliutoa mwaka 1965, kwa hiyo tunatumia zana za zamani zenye sifa inayojulikana.

Nyukliesi S1 nayo hutoka kwenye kuvu ule ule. Hukata uzi mmoja bila kuchagua besi, lakini inahitaji zinki na hupenda pH ya uchachu. Kisha kuna V1, inayotokana na sumu ya swila wa Asia ya Kati, nayo inathaminiwa kwa sababu inafanya kinyume cha nyingine: hukata pale nyuzi zilipooana au besi zilipopangana. Kuipata imekuwa shida. Msambazaji mmoja hakujibu, mwingine alisema ameacha kuiuza.

Nilisikitika kwa muda, kisha nikaona kwamba kwa swali letu hasara si kubwa. Kama kitanzi E kinashikiliwa na magnesiamu, jaribio la maana ni kuiondoa magnesiamu hiyo kwa EDTA, kemikali inayonasa ioni za metali, na kutazama kinachotokea. V1 haifanyi kazi bila magnesiamu, na S1 hunyang'anywa zinki yake na EDTA hiyo hiyo. Zinazobaki ni T1 na A, ambazo hazihitaji metali yoyote. Ni hizo mbili pekee zinazoweza kuulizwa swali moja katika hali zote mbili.

Februari, wiki ya kwanza

Tumetengeneza RNA kwa kimeng'enya cha kunakili cha virusi T7. Mabadiliko mawili yalihitajika. RNA ya 5S huanza na U, na T7 hufanya kazi vizuri inapoanza na G, kwa hiyo tumetanguliza G mbili. Mwishoni tumeongeza mkia wenye sehemu ya kushikia kianzio, yaani kipande kifupi cha DNA kitakachotumiwa na kimeng'enya cha kunakili kinyume, kile kinachotoa nakala ya DNA kutoka kwenye RNA. Mkia huo ni lazima kwetu. Njia ya kawaida kwa RNA fupi ni kuitia alama ya fosforasi 32 kwenye mwisho wake, lakini nusu ya mnururisho wake huisha kwa siku 14.3, na shehena inayopitia viwanja vya ndege viwili, bandari na ofisi za vibali hutufikia ikiwa imechoka. Tunatumia kianzio chenye rangi inayong'aa, na bila mkia kianzio kingekalia nyukleotidi 20 za mwisho, yaani kingefunika kuanzia 101, na nusu ya pili ya kitanzi chenyewe tunachokitafuta ingepotea. Mfuatano wa mkia ulipitishwa kwanza kwenye programu ya kukisia mikunjo ili kuhakikisha kwamba haupendi kuoana na 5S.

Neno moja kuhusu usafi. Maabara inayotumia ribonyukliesi A kama zana huwa inafuga adui wake ndani ya nyumba, kwani kimeng'enya hicho huchemshwa kikapoa kikarudia kazi yake. Tumekitengea meza, pipeti na sanduku la ncha la peke yake, na hakuna glovu inayovuka kutoka meza hiyo kwenda ya pili. Maji na chumvi nyingi tunavitibu kwa DEPC, kemikali inayoharibu ribonyukliesi, isipokuwa bafa ya Tris, kwa sababu DEPC humalizikia kwenye Tris yenyewe. Hiyo tunaitengeneza kwa maji yaliyokwisha kutibiwa.

Februari, wiki ya mwisho

Maelekezo mengi tunayoyasoma yanasema tendo lifanyike kwa "joto la chumba". Aliyeyaandika alikuwa katika chumba chenye nyuzi 20 au 22. Hapa, msimu wa kaskazi, chumba chetu hukaribia nyuzi 32 mchana kikiwa na feni tu, na kwa joto hilo kimeng'enya hukata kwa kasi zaidi na mashina dhaifu huanza kupumua. Tumeamua kwamba matendo yote yatafanyika katika bafu la maji la nyuzi 20, linalopozwa kwa barafu ya kununua, ile wanayoitumia wavuvi, huku kipimajoto kikiwa ndani muda wote. Barafu hiyo si safi na haigusi kitu chochote zaidi ya ukuta wa nje wa bafu.

Unyevu ni jambo zito zaidi kuliko joto, na sijaona maelekezo yanayoutaja. Kloridi ya magnesiamu hufyonza maji kutoka hewani. Ukiacha chupa wazi kwa muda wa kuandika lebo, chembe zake zinaanza kushikana, na ukizipima kwenye mizani unapima chumvi pamoja na hewa ya Unguja. Katika kazi nyingine tofauti hiyo isingeonekana. Katika mradi ambao swali lake lote ni kiasi cha magnesiamu, haikubaliki. Kwa hiyo hatuutegemei uzito. Tumetengeneza kimiminika mama kwa kukisia, kisha tukakipima kwa EDTA ya kiwango kinachojulikana, kwenye pH 10, kwa rangi ya Eriochrome Black T. Mwanafunzi wetu wa shahada ya uzamili ndiye aliyesimamia bureti. Rangi hubaki nyekundu ya mvinyo kwa muda mrefu, ikaingia zambarau, kisha tone moja likaifanya buluu kabisa. Kiwango halisi kilikuwa chini ya kile ambacho mizani ingetuambia, na sasa ndicho kilichoandikwa kwenye chupa.

Machi, wiki ya kwanza

Tumeanza kutafuta dozi. Usagaji, yaani ukataji wa RNA kwa kimeng'enya, lazima uwe mdogo kiasi kwamba molekuli nyingi zisikatwe kabisa, na zilizokatwa ziwe zimekatwa mara moja. Sababu yake ni kwamba RNA iliyokwisha kukatwa hujikunja upya, na mkato wa pili unaeleza mkunjo wa kipande, si wa molekuli. Kwa njia yetu kuna sababu ya ziada: kimeng'enya cha kunakili kinyume huanzia kwenye mkia na kusimama pale RNA inapokatika, kwa hiyo kikikuta mkato wa karibu hakitaona kamwe ule wa mbali. Dozi ikizidi, jeli yote hujaa bendi fupi na mtu akadhani kwamba upande wa mkia ndio ulio wazi. Kanuni tunayoitumia ni kwamba bendi ya urefu kamili iwe nzito kuliko nyingine zote katika kila safu. Safu isiyotimiza hilo haisomwi, hata kama inapendeza.

Baada ya usagaji, vimeng'enya huondolewa kwa fenoli na klorofomu mara mbili, kwa kuwa kuchemsha hakutoshi, na RNA hushushwa kwa ethanoli. Nakala ya DNA inayopatikana ni ngumu kuliko RNA, na tangu hatua hiyo mikono hutulia.

Jeli yetu ni ya poliakrilamaidi asilimia 10 yenye urea ya molari 7. Urea inapoyeyuka hunyonya joto, na katika hewa yenye unyevu kama ya hapa bika hutoa jasho nje kote, likawa baridi kiasi cha kukataa kuyeyusha chembe za mwisho mpaka liwekwe kwenye maji ya vuguvugu. Tunamimina jeli asubuhi mapema. Adhuhuri huganda kwa haraka mno na kuacha mawimbi yanayopinda bendi, na mtu akishapinda bendi hawezi tena kutofautisha 98 na 100.

Pembeni mwa kila jeli tunaweka safu za mfuatano. Msomaji wa jeli hizi akumbuke kwamba T1 ikikata baada ya G41, yaani G iliyo nafasi ya 41, RNA iliyobaki upande wa mkia huanzia 42, na nakala husimama hapo. Bendi ya mkato kwa hiyo huonekana nyukleotidi moja chini ya bendi ya G41 katika safu ya mfuatano. Kuna pia safu ya udhibiti, isiyo na kimeng'enya cha kukata. Hiyo ndiyo inayoonyesha vituo vya asili, kwani kimeng'enya cha kunakili kinyume hujikwaa chenyewe kwenye shina IV, ambako C nne za 90 hadi 93 zimeoana na G nne za 83 hadi 86. Bendi iliyomo ndani ya safu hiyo haihesabiwi popote.

Machi, katikati

Tumepata jeli inayosomeka kuanzia juu hadi chini, katika magnesiamu ya milimola 10 na kloridi ya potasiamu ya milimola 100. Umeme ulikatika tukiwa katikati, jenereta ikachukua nafasi, na bendi hazikutetereka.

Katika safu ya T1, bendi nzito kuliko zote ni ya G41, ndani ya kitanzi C, ikifuatiwa na G44. Hilo linaendana na kazi za zamani, ambamo G41 na G13 ndizo zilizokuwa nyepesi kuguswa na kethoksali, kemikali inayoshika G isiyooana. G13 yenyewe kwetu ni hafifu. Iko karibu na bendi ya urefu kamili, mahali ambapo jeli hubana, na siwezi kuisemea zaidi. Katika safu ya A, bendi kubwa ziko kwenye kitanzi D, karibu na U87 na U89, na nyingine kwenye U14, ambayo inafuatiwa na A na iko kwenye njia panda.

Kitanzi E kimenyamaza. T1 ilikuwa na G75, G76, G98, G100 na G102 za kuchagua na haikugusa hata moja kwa kiwango kinachozidi safu ya udhibiti. Ribonyukliesi A ilikuwa na U74, U77 na U103. Mbili kati ya hizo, U77 na U103, zinafuatiwa na A, yaani ni pale pale ambapo kimeng'enya hiki hukata kwa wepesi kuliko popote, na bado hakuna kitu. Kwenye U14 hatua ya namna hiyo hiyo imekatwa bila shida.

Machi, wiki iliyofuata

Mwanafunzi wetu ameuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa kabla hatujafurahi: tunajuaje kwamba kimya hiki kinatokana na besi kushikana, na si kwamba kimeng'enya kimeshindwa tu kufika? T1 ina asidi amino 104 na A ina 124. Kwa kulinganisha na sehemu wanayoikata, hivi si vitu vidogo. Uzi unaweza kuwa huru kabisa lakini umejificha kwenye kona ambayo protini ya ukubwa huo haiingii. Jeli ni kama mtu anayepita uchochoroni Mji Mkongwe akigonga milango: mlango uliofunguliwa unaeleweka, lakini usiofunguliwa hauelezi kama wenyewe wamelala, wamesafiri, au yeye mgongaji hakuufikia.

Kwa hiyo nimeamua kwamba katika shajara hii neno "haikukatwa" lisibadilishwe kuwa "imeoana" mpaka kuwe na ushahidi wa aina ya pili. Ushahidi huo lazima uwe hali ambamo nyukleotidi zile zile, katika molekuli ile ile, zinaanza kukatwa kwa sababu ya kitu kimoja tu kilichobadilika.

Ipo dalili ya zamani inayotupa moyo. Usagaji mpole wa 5S kwa ribonyukliesi A huacha kipande kigumu chenye nyukleotidi za 1 hadi 11 na 69 hadi 120, isipokuwa ya 88. Kipande hicho, ambacho ndani yake kitanzi E kimebaki kizima, ndicho kilichotumika katika kazi ya fuwele. Kimeng'enya kilikuwa kimeshasema neno lake kwa miaka mingi kabla ya fuwele kupatikana.

Aprili, masika

Jaribio la kuondoa magnesiamu lina mtego ambao umetuchukua muda kuuzunguka. Tangu mwaka 1968 inajulikana kwamba 5S ya Escherichia coli ikipashwa moto bila magnesiamu, au pamoja na urea, huhamia umbo jingine linaloitwa B, ambalo mkunjo wake si ule wa kawaida. Tukipasha moto RNA ndani ya EDTA na kisha kuona mikato kwenye kitanzi E, hatutajua kama kitanzi kimefunguka au kama molekuli nzima imegeuka nyingine.

Utaratibu tuliouchagua ni huu: RNA yote hukunjwa pamoja, kwa kupashwa nyuzi 60 katika magnesiamu na kupoa polepole. Baada ya hapo hugawanywa. Nusu moja hupata EDTA ya kuzidi magnesiamu, ikabaki kwenye nyuzi 20 bila kupashwa tena. Kila sehemu hutoa kiasi kidogo kinachopita kwenye jeli isiyo na urea, iliyopozwa, ambamo umbo A na umbo B husafiri kwa kasi tofauti. Tumetengeneza pia umbo B kwa makusudi ili tuwe na kitu cha kulinganisha. Sehemu yenye EDTA ilionyesha bendi moja, sambamba na umbo A.

Mvua ilikuwa kubwa wiki hiyo na barabara ikajaa maji, kwa hiyo usomaji wa jeli ulicheleweshwa, lakini sampuli zilikuwa tayari ni nakala za DNA na hazikupata madhara.

Matokeo yanasomeka kwa macho. Katika safu ya T1 yenye EDTA kumetokea bendi kwenye G98, G100 na G102, na moja hafifu kwenye G76. Katika safu ya A, U77 na U103 zimetoka waziwazi, U103 ikiwa nzito zaidi. Shina I na shina IV zimebaki kimya kama mwanzo. Kwa mara ya kwanza tangu Januari naandika kwamba kitanzi E, mbele ya magnesiamu, kimefungwa, wala si kwamba kimejificha tu.

Aprili, mwishoni

Pingamizi moja lilibaki, nalo nililitoa mwenyewe: huenda T1 hukata kwa nguvu zaidi bila magnesiamu, na bendi mpya zikawa ni za dozi iliyozidi. Njia ya kulijibu ni kuifanya G41 kuwa mizani. Iko kwenye kitanzi C, imekatwa katika hali zote mbili, na uzito wake katika safu mbili haukutofautiana kwa kiwango kinachoonekana. Tunagawanya kila bendi ya kitanzi E kwa bendi ya G41 ya safu hiyo hiyo, na tofauti inabaki kubwa. Kwa upande wa ribonyukliesi A tunatumia U14 kwa kazi hiyo, ingawa siipendi sana kwa kuwa njia panda yenyewe inaweza kuguswa na magnesiamu.

Mei

Tumepanda ngazi ya magnesiamu: bila kitu, nusu milimola, moja, mbili, tano na kumi, kila kiwango kikiwa kimehesabiwa kutokana na chupa iliyopimwa kwa EDTA. Bendi za kitanzi E hazififii zote kwa pamoja. U103 na G102 huanza kupungua mapema, kwenye nusu milimola, wakati G98 inashikilia hadi milimola moja, kisha kati ya moja na mbili zote hushuka kwa kasi, na kwenye tano hakuna kinachobaki cha kupimwa. Sitaki kutoa maana kubwa kutokana na tofauti kati ya G98 na G102. Bendi fupi na ndefu hazinakiliwi kwa usawa, na jeli moja haitoshi.

Jaribio la potasiamu limenifurahisha zaidi. Kama magnesiamu ingekuwa inafanya kazi ya kutuliza chaji hasi za fosfeti peke yake, chumvi nyingine kwa wingi ingeweza kushika nafasi yake. Tuliongeza kloridi ya potasiamu hadi milimola 500 bila magnesiamu. Bendi zilipungua, lakini zilibaki. T1 pia hulegea katika chumvi nyingi, G41 ikashuka nayo, na baada ya kugawanya, sehemu kubwa ya upungufu ule ilitoweka. Magnesiamu ya milimola 5 inafanya kile ambacho potasiamu mara mia yake haifanyi, na hilo linalingana na ioni zilizokaa mahali maalumu kuliko wingu la chumvi lililotanda.

Juni, upepo wa kusi

Chumba kimepoa na bafu la maji halihitaji barafu nyingi. Tumekaa kuchora mchoro wa ripoti, na hapo tulibishana kidogo. Mwanafunzi alitaka rangi mbili, iliyokatwa na isiyokatwa. Nimesisitiza ziwe nne: nyukleotidi zinazokatwa katika hali zote, zinazokatwa baada ya magnesiamu kuondolewa tu, zisizokatwa kamwe, na za kijivu ambazo hatuwezi kuzisemea, ama kwa kuwa ziko karibu mno na bendi ya urefu kamili, ama kwa kuwa kimeng'enya cha kunakili hujikwaa hapo, ama kwa kuwa ni besi A, ambazo ribonyukliesi T1 na ribonyukliesi A hazizikati. Kijivu ni kingi kuliko nilivyotegemea. Kitanzi E chenyewe kina A tano, 73, 78, 99, 101 na 104, ambazo vimeng'enya vyetu haviwezi kuziuliza chochote. S1 ingeziuliza mbele ya magnesiamu, lakini si mbele ya EDTA, kwa hiyo ingetupa nusu ya jibu.

Hatua inayofuata ni L25, protini ya ribosomu, ambayo katika Escherichia coli hushika kitanzi E. Hapa ngazi ya Mei imeamua jambo ambalo tusingeliona bila yake. Katika milimola 10 za magnesiamu, kitanzi kimeshanyamaza, kwa hiyo hata L25 ikikaa juu yake T1 na A hazitaona tofauti yoyote, na mtu angeandika kwamba protini haikushika. Katika EDTA, kwa upande mwingine, umbo ambalo L25 inalitambua halipo. Jaribio lazima lifanyike kwenye milimola moja, pale ambapo bendi bado zinaonekana nusu, na safu ya udhibiti iwe na protini nyingine isiyohusika kwa kiasi kile kile, ili bendi zikififia tujue kwamba si kwa sababu protini imejaa tu ndani ya tyubu. RNA ya kazi hiyo imeshakunjwa na kugawanywa. Mwanafunzi anaanza kusafisha L25 wiki ijayo, nami nitapima upya chupa ya magnesiamu kabla hajaifungua.